Kabla Dadu Hazijarushwa

Katika mikahawa ya Istanbul, mchezaji wa tavla anayejiheshimu hahesabu kwa kidole. Anarusha dadu, anazitaja namba kwa Kiajemi kama ilivyo desturi ya huko, na kete zinagonga ubao kabla mwenzake hajameza funda la chai. Kuhesabu pembe za ubao moja moja ni mambo ya wanagenzi. Ndiyo maana makosa hayaishi: mkono umekimbia, macho yamebaki nyuma, na kete iliyostahili hatua tano imekwenda sita, mahali ambapo, kwa bahati ya ajabu, palikuwa pazuri zaidi.

Tavla ndiyo bakgamoni ya Waingereza: pembe 24, kete 15 kwa kila mchezaji, dadu mbili. Sheria zake si nyingi, ila zimejaa mitego. Aliyepigwa kete lazima airudishe ubaoni kwanza ndipo aguse nyingine, lakini kete hiyo inakaa kimya kwenye ukingo wa katikati huku mwenyewe anapanga vita kwingine. Dadu zikitoa namba pacha, namba hiyo huchezwa mara nne; wapo wanaocheza tatu kwa kusahau, na tano kwa kusahau zaidi. Kisha kuna ile sheria ya kwamba ukiweza kucheza namba yoyote kati ya mbili, lakini si zote, ucheze kubwa. Hiyo watu huipinga kwanza, ndipo wanaitafuta kitabuni.

Sasa nani aseme kwamba kuna kosa, na lini? Edmond Hoyle, Mwingereza aliyechapisha kijitabu cha mchezo huu mwaka 1743, anatajwa mpaka leo kila watu wanapobishana. Sheria zinazobeba jina lake zinasema ukikosea, na mpinzani akisharusha dadu, hakuna kubadilisha mpaka wote wawili mkubali. Msingi huo haujahama. Kosa linaishi tangu mchezaji anapookota dadu zake hadi mwenzake anaporusha zake. Baada ya hapo limehalalika.

Muda huo mfupi ndio wenye sinema. Kanuni ya zamani ya mashindano ilimpa mpinzani hiari: adai kosa lirekebishwe, au alinyamazie likimfaa. Kosa lililomnufaisha mkosaji lilipigiwa kelele papo hapo. Lililomuumiza mwenyewe lilileta haraka ya ghafla upande wa pili: kikombe kinatikiswa, macho yako darini, dadu hizo zimeshatua. Siku hizi mashindano mengi yamehamia kwenye kanuni ya hatua halali, inayomtaka yeyote kati ya wawili hao aseme akiona kosa, hata likimpa ushindi. Ni kanuni ya haki. Kasoro yake ni kwamba haiwezi kumpima mtu aliyekuwa anatazama dari.

Watazamaji, kwa upande wao, wanaamriwa wanyamaze. Aliyewahi kuona dama ikichezwa kibarazani atajua amri hiyo hufuatwa vipi.

Hata hivyo, bakgamoni ina huruma: kete zinarudishwa zilipokuwa, mkosaji anacheza upya, basi. Sataranji haina moyo huo. Riyadh, mwaka 2017, kwenye ubingwa wa dunia wa sataranji ya kasi, mfalme wa mchezaji Ernesto Inarkiev alikuwa ametishiwa. Badala ya kumwokoa, mchezaji huyo akamtishia mfalme wa mpinzani wake, Magnus Carlsen, jambo lisiloruhusiwa. Carlsen akamsogeza mfalme wake. Inarkiev akasimamisha saa na kudai kwamba Carlsen ndiye aliyevunja sheria, na kwa muda mfupi akapewa ushindi! Mwamuzi mkuu akaamuru mchezo uendelee. Inarkiev akakataa, akahesabiwa ameshindwa.

Tukirudi kwenye bakgamoni, Hoyle aliwahi kufikiria hata kosa lisilo na mkosaji. Mtu akicheza na kete 14 tu, sheria zake zinasema, hana adhabu, kwa kuwa upungufu huo unamwumiza mwenyewe: amekosa kete moja ya kujengea ngome. Kwa heshima zote, mzee huyo alimwamini binadamu mno. Anayemaliza kuzitoa kete zake kwanza ndiye mshindi, na kutoa 14 ni rahisi kuliko kutoa 15. Kete ikipungua ubaoni, itafutwe kwanza chini ya kiti cha anayeongoza.