Mheshimiwa, Siku Sitini ni za Kalenda Ipi?

Kwa Mheshimiwa Msajili,
Mahakama ya Madai Madogo,
Kaunti Yetu.

MINTARAFU: SHUKRANI ZA MDAI ASIYETAKA KUONEKANA HANA ADABU

Mheshimiwa,

Nijitambulishe kwanza, kwa kuwa kila nikifika dirishani pa masjala huulizwa mimi ni nani. Mimi ni mkodishaji wa mahema na viti. Jina langu halitakusaidia. Makarani wako hunijua kwa nambari ya kesi, na nimeizoea kiasi kwamba nikiitwa kwa jina nyumbani huchelewa kuitika.

Kesi yenyewe ni ndogo hata kwa mahakama iliyobatizwa madai madogo. Mwenyekiti wa kamati ya harusi alichukua kwangu mahema manne, viti mia tatu na meza za wazee. Akatoa malipo ya kwanza, harusi ikafana, bibi harusi akalia, wageni wakala wakafunga na za kupeleka nyumbani, na shilingi 68,000 zilizobaki zikaenda fungate pamoja na maharusi. Hazijarudi. Nilipiga simu hadi yule dada wa mteja-hapatikani tukawa tunaelewana. Nilimpeleka mdaiwa kwa chifu, akaahidi kulipa mwisho wa mwezi, bila kutaja ni mwezi gani. Hapo jirani yangu mmoja aliyesoma akaniambia: nenda korti ya madai madogo, huhitaji wakili, ni siku sitini tu.

Nikaitafuta hiyo sheria, Mheshimiwa, nikaisoma. Nadhani Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 iliandikwa na mtu aliyewahi kudhulumiwa. Inasema kesi isikizwe siku hiyohiyo, au siku baada ya siku bila kukatizwa, hadi imalizike. Kwamba imalizike ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Kwamba hukumu itolewe siku ya kusikizwa, na ikichelewa sana isipite siku tatu. Na kwamba kuahirisha kuruhusiwe tu pale panapozuka jambo la kipekee ambalo halikutazamiwa. Mwanzoni kiwango cha madai kilikuwa shilingi 200,000; mwaka 2020 kikapandishwa hadi milioni moja. Milimani, Nairobi, walianza kazi Aprili 2021, kisha neema ikatufikia na sisi wa huku. Juu ya yote hayo ipo Katiba ya 2010, kifungu cha 159, kinachoagiza haki isicheleweshwe, wala isitolewe kafara kwa ajili ya vijisheria vya utaratibu. Nilipomaliza kusoma nilikwenda kununua turubai jipya kwa mkopo wa miezi miwili. Mwenye duka naye alisema ameisikia hiyo sheria.

Siku hizo sitini zilipita. Zikapita nyingine juu yake, na sasa nimeacha kuhesabu. Ndiyo sababu nina swali la kitaalamu: siku sitini mnazitoa kwenye kalenda ipi? Ile iliyotundikwa ukutani mwa masjala, ya duka la mbolea, imesimama kwenye Novemba ya mwaka wa zamani. Ikiwa ndiyo mnayotumia, basi niwieni radhi, bado tuko ndani ya muda, na mimi ndiye mwenye haraka.

Nimejifunza mengi pia kuhusu mambo ambayo hayakutazamiwa. Semina ya waamuzi iliyopangwa tangu Januari haikutazamiwa. Likizo ya mwaka haikutazamiwa. Stima kupotea siku ya mvua, katika nchi hii, haikutazamiwa kabisa, na wote tulishangaa pamoja. Wakili wa mdaiwa amefiwa na shangazi zaidi ya wale ambao ukoo wa kawaida unaweza kubeba. Nimemtumia rambirambi kila mara, na safari ya mwisho nikamkumbusha kwamba kwa mazishi nina mahema meupe, bei nafuu.

Mlipohamia mtandaoni nilishangilia. Nairobi walianza kuwasilisha kesi kwa kompyuta Julai 2020, na Machi 2024 tukatangaziwa kwamba mfumo umeenea nchi nzima. Nikaenda saiba iliyo karibu na stendi. Kijana akapiga picha risiti na makubaliano yetu, akavipandisha kwenye mfumo, nikalipa ada kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, nikampa kijana pesa ya soda. Kesho yake karani akanipigia: nizichapishe karatasi hizohizo, nakala tatu, nizilete. Nikauliza, je, zile zilizopanda mtandaoni? Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto habari za msiba, kwamba zipo, hazijapotea, ila mwamuzi hupenda kushika.

Basi nikaleta za kushika. Hapo ndipo faili yangu ilipozaliwa, na haukupita muda ikaanza kutembea. Masjala walisema iko kwa mwamuzi. Msaidizi wa mwamuzi akasema imerudishwa masjala. Siku ambayo hatimaye jina langu liliitwa, nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, na mwamuzi akafungua faili, akasoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani.

“Mdai, ng’ombe yuko wapi sasa?”

Nikasema, “Mheshimiwa, mimi nadai pesa za viti.”

Wakili wa mdaiwa, ambaye hadi hapo alikuwa akitazama simu yake, akainuka kwa kasi. Akapinga vikali. Akasema suala la viti halimo kwenye faili na mteja wake hawezi kuviziwa namna hiyo. Na kweli halikuwemo. Karatasi zangu zilikuwa zimefungwa kwa kamba moja na za mtu mwingine, ugomvi wa ng’ombe wa maziwa aliyeuzwa akiwa na mimba isiyokuwepo, na mimi nilikuwa chini yake. Kesi ikaahirishwa ili mahakama ichunguze. Mwenye ng’ombe nimefahamiana naye tangu hapo. Ni mtu mwema, hukaa benchi la nyuma yangu, na siku hizi anajua bei ya kila aina ya hema ninayokodisha. Mimi najua dalili za ng’ombe mwenye mimba ya kweli. Elimu hii mnaitoa bure na hamjawahi kushukuriwa.

Kuhusu vikao vyenyewe sitakuchosha. Tunaambiwa tufike saa tatu, tunafika saa mbili na nusu, na saa nne na robo tunaambiwa tusimame. Kesi zenye mawakili huitwa kwanza kwa kuwa mawakili wana shughuli. Sisi tuliokuja wenyewe, ambao mahakama hii iliundwa kwa ajili yetu, hatuna shughuli; tumefunga maduka ili tuje kuwatazama. Kila mara husimama kijana mmoja wa suti mpya, akasema amemshikia nafasi wakili fulani aliye Mahakama Kuu. Huulizwa kama yuko tayari kuendelea. Husema hana maelekezo. Huulizwa ana nini basi. Husema anaomba tarehe. Nimemwona mara nyingi kijana huyo hata nikaanza kumwonea huruma: amesoma miaka yote ile, na kazi aliyopewa ni kutokujua.

Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai imetaja Kiingereza na Kiswahili kuwa lugha za mahakama za chini. Kiswahili basi kimeruhusiwa kuingia, ila kwenye chumba chetu hakijakaribishwa kuketi. Kuna asubuhi mwamuzi na kijana wa suti waliongea Kiingereza kwa muda wa kutosha kuchemsha chai na kuinywa. Nilisikia jina langu, nikasikia kile kiasi cha pesa, nikasikia kicheko kidogo cha heshima. Nikamgeukia karani anayetafsiri. Akanieleza yote: “Amesema uje tarehe kumi na nane.”

Nilidhani kikao cha mtandaoni kingekuwa na nafuu. Niliketi kwenye chumba cha kusubiri cha Teams, kile kisicho na benchi, nikangoja kuruhusiwa. Nilipoingia, jogoo wa mtu fulani alikuwa anatoa ushahidi. Mwamuzi akaamuru kila mtu azime maikrofoni, sote tukazima, naye pia akazima, na kwa dakika kadhaa haki ilitendeka midomo ikichezacheza. Kisha bando likaisha. Niliambiwa baadaye kwamba nimerekodiwa kuwa sikuhudhuria.

Suala la kumfikishia mdaiwa hati nalo limenipa heshima mpya kwa watu wasiolipa madeni. Mnataka hati imfikie, na niape kwa kiapo rasmi kwamba imemfikia. Sawa. Nyumbani kwake mbwa ndiye aliyepokea. Kazini walisema hayupo, wakasema hivyo huku wakimtazama. Bahati nzuri, kanuni zilirekebishwa mwaka 2020 na sasa hati inaweza kupelekwa kwa baruapepe au hata kwa WhatsApp. Nikatuma. Tiki mbili zikatokea, zikageuka buluu. Nikaichapisha picha ya skrini, nikalipia kiapo, nikaileta dirishani. Karani akaitazama sana, akauliza: nitajuaje kwamba ni yeye aliyesoma? Mheshimiwa, mtu huyu huweka picha zake kwenye hali ya WhatsApp kila asubuhi. Juzi ameweka moja akiwa kwenye harusi nyingine, ameketi kiti changu. Nakitambua; mguu wa nyuma nilichomelea mwenyewe.

Sikuandika ili kulalamika, maana hapo mlangoni pameandikwa kwamba malalamiko yapelekwe kwenye ofisi iliyo ghorofa ya pili, na jengo letu halina ghorofa. Ninaandika kuleta pendekezo la biashara. Ukumbi wenu una mabenchi sita. Siku ya kutajwa kesi wadai hujaa mpaka barazani, kina mama na watoto mgongoni wamesimama juani, wazee wameegemea ukuta uliopakwa rangi inayoshika nguo. Mimi nina viti mia tatu, na vingi viko huru tangu nianze kuja huku, kwa sababu mwenyewe siko dukani kuvikodisha. Niko tayari kuwaletea viti na hema moja kubwa la barazani kwa bei ya ujirani. Mtalipa nusu siku ya kuchukua na nusu siku ya kurudisha. Nanyi mkikawia kulipa, msijali: nitajua pa kuwashtaki, na mtakuwa na muda wa kutosha kutafuta pesa.

Jambo dogo la mwisho. Juzi nilipewa tarehe ya kusikizwa, si ya kutajwa tena, ya kusikizwa kabisa, na nilifurahi hadi nikamkumbatia mwenye ng’ombe. Nilipofika nyumbani binti yangu akaniambia tarehe hiyo ni Jumapili. Nikarudi dirishani. Karani akaangalia kompyuta, akasema ndiyo tarehe ambayo mfumo umetoa, na kuibadilisha ni lazima niandike maombi, niambatishe hati ya kiapo, nilipe ada, kisha nipewe tarehe ya kuyataja hayo maombi.

Kwa hiyo nitakuja Jumapili. Nitavaa koti lilelile na nitafika saa mbili na nusu. Naomba tu umwambie askari wa langoni asinirudishe, na kama mwamuzi atakuwa kanisani, nitumiwe ujumbe ni kanisa gani.

Wako mtiifu,
Mdai.

Nakala:
Mwenye ng’ombe, benchi la nyuma.
Mwenye duka la turubai, kwa taarifa na uvumilivu.
Mdaiwa, kwa WhatsApp. (Ameshasoma.)