Asilimia Nne

Mimi nilichaguliwa kuwa mhazini wa kamati ya harusi nikiwa msalani. Niliporudi mezani nilikuta watu wanapiga makofi, nikapiga na mimi, kumbe najishangilia mwenyewe. Sababu waliyoitoa haikuwa uaminifu wala kujua hesabu. Walisema nina simu kubwa.

Bwana harusi ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na ugomvi wetu ni wa siku nyingi. Yeye ni mtu wa iPhone, mimi ni mtu wa Android. Nasema "mtu wa" kama tusemavyo mtu wa Simba na mtu wa Yanga, ila wale angalau hupumzika ligi ikiisha. Shemeji akikaa huilaza simu kifudifudi ili tunda lionekane. Akiizungumzia husema "sisi". "Sisi huku hatuhangaiki na virusi." "Sisi toleo jipya likitoka tunalipata siku moja dunia nzima." Ukimsikia utadhani ana hisa, kumbe simu yenyewe imemfikia kwa mkono wa tatu kutoka Dubai, na mmoja wa hao waliotangulia ndiye aliyeacha ufa kwenye kona ya kioo.

Kwenye hilo la toleo jipya simbishii, maana ni kweli. Ninachombishia ni uhuru. Hawa watu walikaa na vialama vyao vimejipanga kuanzia juu kushoto, kama wanafunzi mstarini, tangu iPhone ya kwanza mwaka 2007. Ruhusa ya kuweka kialama popote kwenye kioo wameipata 2024, lilipotoka toleo la 18. Siku shemeji alipolipata alinipigia saa nne usiku, kwa video, kunionyesha kwamba ameacha nafasi katikati ili uso wa mchumba wake uonekane. Miaka yote ile binti wa watu alikuwa anachungulia katikati ya kikokotoo na dira. Nikampa hongera. Nikamwambia na kukopi na kupesti pia walichelewa, kulikuja mwaka 2009. Hebu fikiria kamati ya harusi isiyoweza kukopi na kupesti! Orodha ya michango kwenye WhatsApp ndiyo katiba yetu: kila anayelipa anakopi orodha nzima, anajiongezea tiki mbele ya jina lake, anairudisha kwenye kundi, na katika kuirudisha anafuta tiki za watu watatu waliolipa kabla yake. Halafu hao watatu wanampigia mhazini.

Lakini na mimi uhuru wangu usiniulize sana. Android ni wali mweupe. Google wanaupika, wanauacha wazi, halafu kila kampuni inamwagia mchuzi wake: Samsung wana One UI, Tecno wana HiOS, Infinix wana XOS. Ndiyo maana ukijifunza kwenye simu moja mahali pa kuwasha hotspoti, ukishika simu ya dada yako, ambayo nayo ni Android, unaanza upya kama mgeni aliyeshushwa Mbezi usiku. Ya kwangu, ambayo kampuni yake siitaji, ilikuja na vivinjari viwili, maduka mawili ya programu, na programu ya kusafisha uchafu ambayo ndiyo uchafu wenyewe. Kila asubuhi inaniambia imepata takataka, nikibonyeza kuziondoa inanionyesha tangazo la mkopo. Na mimi mwenyewe sikai mikono mitupu. Nimebadilisha mwandiko, nimebadilisha rangi, nimebandika saa tatu za aina tatu. Kuna wiki niliweka herufi za kuunganishwa kama za daktari, nikashindwa kusoma salio langu. Labda ilikuwa bora hivyo.

Mwenyekiti wa kamati, yeye, bado anaomboleza BlackBerry. Huduma za zile simu za zamani zilizimwa Januari 4, 2022, lakini mzee ameitunza yake droo ya kitandani, na akinywa mbili anaeleza jinsi vitufe vilivyokuwa vinabonyezeka. Tunamwacha amalize.

Sasa chaji. Shemeji ana ugonjwa wa kufunga programu. Kila baada ya dakika mbili anazipandisha zote juu kwa kidole gumba, fyu, fyu, fyu, kama mtu anayefukuza inzi kwenye samaki. Nimemwambia kwamba mkubwa wao mmoja wa Apple, Craig Federighi, alishamjibu mwaka 2016 mteja aliyeuliza kama hiyo inasaidia betri, akasema hapana. Programu iliyolala haili kitu cha maana. Ukiifunga kabisa, kuifungua upya ndiko kunakokula. Kinachomaliza chaji ni mwanga wa kioo, mtandao hafifu unaoifanya simu itafute mnara kama mbuzi aliyepoteza mama yake, na joto, joto hili hili letu la Januari. Hasikii. Anafukuza inzi.

Ila anajua afya ya betri yake. Asilimia 76. Ukimuuliza presha yake haijui, ukimuuliza kundi la damu anakwambia yuko fiti, lakini afya ya betri anaikagua kila Ijumaa kwa huzuni. Na hapo namwelewa, kwa sababu Apple wenyewe walikiri Desemba 2017 kwamba walikuwa wanazipunguza kasi iPhone zenye betri iliyochoka ili zisizimike ghafla. Watu walikasirika sana, na bei ya kubadilishiwa betri ikashushwa kutoka dola 79 hadi 29. Wakati huo simu ya shemeji ilikuwa bado haijazaliwa.

Ya kwangu ni betri ya mAh elfu tano. Inakaa siku nzima, nakubali, lakini inakaa kwa kunificha mambo. Ina kitu cha kutunza chaji kilichotoka nacho kiwandani, na namna yake ya kutunza ni kuipiga WhatsApp usingizi bila kuniuliza. Nalala najua kamati imetulia. Saa kumi na moja alfajiri nagusa kioo, zinaingia jumbe 140 kwa mkupuo, wa mwisho ukisema: "Mhazini yuko kimya, tunaomba maelezo."

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao kwenye baa moja Sinza. Mtaani kwangu umeme ulikatika tangu asubuhi, nikafika na asilimia nne. Kabla ya saa kumi na mbili jioni nilitakiwa niwe nimetuma kishika nafasi cha ukumbi, la sivyo tarehe inachukuliwa na harusi nyingine. Saa ilikuwa kumi na moja na robo.

Dada wa kaunta ana kipande cha extension chenye matundu sita, na nyaya kazifunga kwa raba za bendi: rangi nyekundu ni pini ndogo, kijani ni Type-C, nyeupe ya iPhone. Shilingi mia tano, unalipa kwanza. Matundu yote yalikuwa na watu. Ulaya wamepitisha sheria kwamba simu inayouzwa kwao kuanzia Desemba 28, 2024 iwe na tundu la Type-C, na iPhone yenyewe ilishahamia huko tangu ile ya 15, mwaka 2023. Sinza bado tuna rangi tatu za raba. Sheria nayo itatufikia ikiwa mtumba, kama simu zenyewe.

"Shemeji, wewe una ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Nisaidie basi."

Akaigeuza, ikazima mkononi mwake. Hiyo ndiyo asilimia 76. Ya kwangu ikaifuata kabla sijamaliza kumcheka.

Ikabidi nimkabili mama mkwe. Alikuwa mwisho wa meza na soda yake, na jambo la mkwe kuomba kufungua simu ya mama mkwe silitamani kwa mtu yeyote. Nikapiga goti nusu. "Mama, samahani, naomba niweke laini yangu kwenye simu yako dakika tano." Akaitoa kwenye kimfuko cha kushona kwa mkono, na kabla ya simu ikatoka noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne na picha ya pasipoti ya marehemu baba mkwe. Simu ni Nokia ya vitufe, ya ukoo ule wa 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ina tochi. Anaichaji Jumapili akitoka kanisani.

Nikatoa betri, nikatoa laini yake nikaifunika kwa kizibo cha soda isipotee. Laini yangu ni ile iliyokatwa ndogo kabisa. Dada wa kaunta akanitafutia kifremu chake cha plastiki kwenye boksi la vibiriti. Ikaingia. Ikawaka, mikono miwili ikashikana, meza nzima ikatulia. Nyota 150 nyota 00 reli. Menyu ikaja pale pale, bila bando, bila kusasisha, bila kuniuliza kama nimeridhika na huduma. Tuma pesa. Ingiza namba.

Namba ya meneja wa ukumbi ilikuwa kwenye simu yangu. Iliyozima. Nakala nyingine ilikuwa kwenye simu ya shemeji.

"Baba, si uandikage," mama mkwe akasema taratibu, akiangalia pembeni kunihifadhia heshima.

Tukawa tunajadili kutuma bodaboda akaisome kwenye geti la ukumbi, ndipo akaingia baba mmoja wa makamo, shati limelowa jasho mgongoni, ameshika simu kama mtoto anayeumwa. Akaenda moja kwa moja kaunta. "Dada, una chaji ya iPhone? Kuna watu wa harusi wananitafuta tangu saa tisa, nimezima."

Dada akamwonyesha kwa kidevu foleni, ambayo mwisho wake nilikuwa mimi. Akavuta kiti, akakaa, akaiangalia Nokia mkononi mwangu.

"Wewe unatumia hiyo?"

"Hii ni ya mkwe," nikamwambia. "Nitajie namba yako."

Akafungua mdomo, akafikiri, akaufunga. Laini ni mpya, akasema. Hajaikariri.