Jabari juu ya Kamba za Nguo

Mpangaji wa Umoja jijini Nairobi, kwa kuwa mtaa wake uko digrii moja na ushei tu kusini mwa Ikweta, amejaaliwa neema ambayo mkazi wa London haionji akiwa kwake, nayo ni kwamba karibu hakuna pembe ya mbingu anayonyimwa, na usiku wa Mei aweza kumtazama Dubu Mkubwa upande wa kaskazini, kisha akageuza shingo akauona Msalaba wa Kusini, mradi kwanza apatikane mtu wa kuizima ile taa ya mlingoti mrefu tuiitayo mulika mwizi, ambayo sijasikia mwizi aliyemulikwa nayo, bali nyota ndizo zilizoibwa.

Neema hiyo ina ada yake. Apigaye picha za mbingu za mbali hana budi kuuelekeza mhimili wa mtambo wake kwenye ncha ya mbingu, ili kamera izunguke sawia na nyota zisigeuke michirizi. Na kwetu ncha ya kusini imeinuka juu ya upeo wa macho kwa digrii ile ile moja na ushei, ambayo, ukisimama juu ya paa la ploti yetu, baina ya matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo, huangukia barabara katika dirisha la bafu la ghorofa ya juu ya jirani. Keateka, yaani mtunza ploti, alipopanda ngazi, tochi mkononi na malalamiko ya jirani kifuani, nilimweleza kwamba sikulilenga bafu bali ncha ya ulimwengu iliyo nyuma yake. Akanisikiliza kwa adabu nyingi, kisha akauliza kama ncha hiyo haiwezi kutazamwa mchana.

Kazi yenyewe haiamini picha moja. Nebula ya Jabari niliyokuwa nikiipiga, lile wingu la gesi na vumbi katika kundi la nyota la Jabari (Orion), iko umbali wa takriban miaka ya nuru 1,300, hata nuru tuipatayo leo ilianza safari katika karne za mwanzo za Hijria, nayo hufika imechoka, ikazamia ndani ya chenga za kamera. Lakini chenga huja ovyo, na nuru huja daima mahali pale pale. Basi picha zikirundikwa na kupatanishwa nyota kwa nyota, nuru hujijenga nazo chenga hufifishana: picha 4 huzipunguza kwa nusu, na atakaye zibaki sehemu ya kumi sharti apige 100. Kitokeacho katika picha moja tu, kama ndege iendayo Embakasi au popo aliyechelewa, programu hukitupa. Henry Draper, aliyekuwa wa kwanza kuipiga picha nebula hii, huko Marekani mwaka 1880, aliliacha bamba lake wazi kwa dakika 51 mfululizo. Angefanya hivyo Umoja, picha ingetoka nyeupe pe.

Fauka ya hayo, hupigwa picha za kifuniko: lenzi hufunikwa, kamera ikaachwa itazame giza kwa muda ule ule na katika baridi ile ile, ili programu ijue doa lipi limezaliwa na joto la kamera yenyewe, ikaliondoa. Shangazi yangu, aliyetoka Mombasa kutujulia hali, alifungua folda ya kwanza aliyoikuta, akazipitia picha hizo moja baada ya moja, zote nyeusi tititi, akanipa pole, akasema kamera za mtumba ndivyo zilivyo.

Utamu na balaa, hata hivyo, vimo katika kuvuta. Rundo lililokamilika huonekana jeusi, maana karibu nuru yake yote imejikunja katika viwango vya chini kabisa, na kuvuta ni kuvipandisha viwango hivyo taratibu, pasipo kuuunguza moyo wa nebula, ambao tangu hapo ni mweupe. Nayo programu haina upendeleo. Kila kilicho hafifu hupandishwa, hata vumbi la ndani ya kamera, ambalo huota mapete. Kwa hiyo atokaye kwanza si Jabari bali Umoja: pembe moja manjano ya mulika mwizi, nyingine wekundu wa Barabara ya Outering, ya tatu buluu ya bango la kanisa lenye kesha. Dawa yake ni kuichagulia programu vipande vya mbingu visivyo na kitu, nayo ikafuma shuka la mwanga huo wa mtaa, ikalitoa. Keateka alipooneshwa shuka lenyewe alilitambua papo hapo, akanitajia kila taa na mwenyewe. Jabari alimfananisha na moshi wa mutura.

Tahamaki, habari zikaenea katika ploti kwamba nina tadbiri ya kuyatoa yaliyomo gizani, na mama wa ghorofa ya tatu akaniletea picha ya arusi ya mwanawe, iliyopigwa kwa simu jioni, bibi arusi ameng'aa na jamaa wote nyuma wamemezwa na weusi. Ilikuwa picha moja tu, haina ya kurundikwa nayo, kwa hiyo chenga zilikuwa tele. Hata hivyo niliivuta pole pole, zikatokea nyuso, yakatokea maturubai, likatokea sufuria la pilau, na kando ya sufuria akatokea mzee mmoja mwenye koti, akitia vipande vya kuku mfukoni kwa utulivu wa mtu aliye peke yake.

"Mfunike, mwalimu," akasema yule mama. "Huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya chakula."