Mama, Ukija Itabidi Nikuripoti

Leicester, 9 Septemba 2018

 

Mama, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Umesema umekaa, umefikiri, ukaona tunatupa pesa: tunamlipa mtu baki amlishe mjukuu wako uji, ilhali bibi mzaa baba yupo, ana nguvu zake, na pasipoti anayo kabatini. Utakuja ukae miezi sita, mtoto atolewe chekechea, pesa zibaki ndani. Mkweo amefurahi mpaka machozi yamemtoka. Mimi pia nimefurahi, kisha nikaenda kutafuta kikokotoo.

Maana huku, Mama, bibi akija kulea mjukuu haitoshi kumtandikia kitanda. Gharama za malezi zinakuwa zimebadilika, na zikibadilika serikali inataka kuambiwa.

Nianze na bei, ila kaa chini kwanza. Mpaka mwezi uliopita tulikuwa tunalipa pauni 200 kwa wiki. Kwa wiki, Mama, si kwa muhula. Serikali inawasaidia wazazi wenye kipato kidogo kwa ruzuku ya kodi, iliyoanza mwaka 2003, Gordon Brown akiwa waziri wa fedha. Sharti lao kwa mume na mke ni kila mmoja afanye kazi saa 16 au zaidi kwa wiki. Kwa hilo hatuna shida: mimi usiku nahamisha maboksi ghalani, mkweo mchana anawaogesha wazee wa watu, na tunapishana mlangoni kama makuli wa zamu. Basi wanatusaidia hadi asilimia 70 ya ada (ilikuwa 80, wakaipunguza mwaka 2011), lakini kwa mtoto mmoja jicho lao halioni zaidi ya pauni 175 kwa wiki. Kinachozidi hapo tunamalizana wenyewe na chekechea.

Ukishaipokea pesa hiyo, unageuka mwandishi wa habari wa nyumba yako mwenyewe. Ada ikishuka kwa pauni 10 au zaidi kwa wiki, na ikakaa hivyo wiki nne mfululizo, una mwezi mmoja wa kuwaambia. Ukinyamaza, faini inaweza kufika pauni 300, na kilichozidi utakirudisha chote. Ada ikipanda, hapo ndipo utaujua upole wao: ukichelewa kusema, wanakufidia mwezi mmoja tu wa nyuma, miezi iliyobaki ihesabu sadaka. Habari njema inawafikia mbio, habari mbaya inakwenda kwa miguu.

Sasa sisi Septemba hii tumepatwa na habari njema. Mtoto alitimiza miaka mitatu Juni, na hapa Uingereza muhula unaofuata baada ya hapo anapata saa 15 za bure kwa wiki. Tangu mwaka jana, wazazi wanaofanya kazi wanaongezewa zinafika 30, mradi kila miezi mitatu wathibitishe kwamba bado wanafanya kazi. Nimethibitisha. Nilikuwa nimevaa sare ya ghalani wakati huo, ila hawakuomba picha.

Usipige vigelegele bado. Saa hizo za bure ni za wiki 38 za shule. Wiki 14 zinazobaki, shule zikifunga, bei inarudi palepale. Hivyo kwa wiki 38 tutalipa kama pauni 60, za saa zinazozidi na chakula, na kwa wiki 14 tutalipa 200. Serikali haitaki hadithi hiyo yote. Inataka namba moja. Jumlisha matumizi ya mwaka mzima ujao, gawa kwa 52. Nimejumlisha: pauni 5,080. Nimegawa: karibu pauni 98 kwa wiki. Hakuna hata wiki moja katika mwaka ambayo tutalipa pauni 98, lakini hiyo ndiyo ada yetu rasmi.

Nikapiga simu kuripoti. Muziki wa kusubiri nimeshaujua kiasi kwamba mtoto anaucheza. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana, akaniuliza mwaka ujao wiki zipi ada itabadilika. Nikamwambia inshallah mambo yatabaki hivi hivi. Akauliza inshallah ni kuanzia tarehe ngapi.

Sasa turudi kwako. Kwa hesabu mpya, kama hawatukati kitu kwa ajili ya kipato, asilimia 70 ya pauni 98 ni 68 na senti 60. Sisi tunabaki kutoa pauni 29 na senti 40 kwa wiki. Hicho ndicho utakachotuokolea ukija, kwa sababu siku mtoto akitoka chekechea, ada inakuwa sifuri na ruzuku ya malezi inakuwa sifuri pamoja nayo. Miezi sita ni kama pauni 764. Viza, tiketi ya kwenda na kurudi na basi la Tanga hadi Dar vitazila zote kabla hujafungua sanduku.

Najua utasema: basi hizo 98 nilipwe mimi. Nimefikiria hilo pia. Mlezi wanayemtambua lazima awe amesajiliwa. Kwa Uingereza wanaosajili ni Ofsted, watu walewale wanaokagua shule. Watataka cheti cha huduma ya kwanza kwa watoto na uthibitisho kwamba huna kesi ya jinai. Wewe uliyelea sita wa kwako na wa shangazi watatu! Lakini hata ukifaulu yote hayo, ndugu anayemlea mtoto ndani ya nyumba ya mtoto mwenyewe hahesabiki. Ingebidi upange nyumba nyingine, mjukuu aletwe asubuhi na kufuatwa jioni, na uchukue watoto wa watu wengine wawepo, kwa sababu kulea mjukuu peke yake si kazi ya ulezi machoni pao. Na viza ya matembezi hairuhusu kazi. Kwa kifupi, ungekuja Ulaya kufungua chekechea.

Mzee mmoja mwenye duka Belgrave Road, Mhindi aliyefukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972, akanishauri nikukaribishe tu, nifunge mdomo. Kiswahili chake ni cha kuamrisha watu, hivyo kila ushauri wake unasikika kama amri. Nikamwambia hapana, mzee. Hawa watu hata usipowaficha kitu wanaweza kukuzulia. Mwaka 2016 kampuni binafsi iliyokodiwa na serikali kukagua madai ya ruzuku ilimwambia mama mmoja kwamba anaishi kwa siri na mwanamume aitwaye Joseph Rowntree. Huyo alikuwa tajiri wa chokoleti kule York, alifariki 1925, na jina lake limebaki kwenye shirika la nyumba alimokuwa amepanga yule mama. Suala likafika bungeni, na kampuni haikuongezewa mkataba. Sasa kama mwanamke wa watu aliozwa marehemu, wewe uliye hai, uliyekaa sebuleni kwangu miezi sita, si utaandikwa mke wangu wa pili?

Halafu kuna chekechea yenyewe. Kumtoa mtoto lazima tutoe taarifa ya mwezi mzima, na mwezi huo tunalipa wewe ukiwa umeshafika. Ukirudi Tanga, nafasi yake inaweza kuwa imeshachukuliwa, tuanze kupanga foleni. Tukiipata, napiga tena simu, nausikiliza tena muziki.

Kwa hiyo njoo, Mama, ila njoo kama mgeni. Mtoto ataenda chekechea yake kama kawaida. Asubuhi utalala, mchana utamtembelea yule mzee wa Belgrave Road umkosoe Kiswahili chake, na saa kumi na moja jioni ndiyo utampakata mjukuu wako. Kumpakata baada ya saa za ada hakuathiri wastani, nimeuliza.

Baba naye, kama anataka, aje hata wiki ijayo. Hakuna mtu Leicester wala Tanga atakayedhani amekuja kulea mtoto.