Sifa za Chenga

Mwezi umesifiwa, nyota zimesifiwa, hata giza la usiku lina washairi wake. Chenga za kamera hazijapata msifu. Mpiga picha akiacha lenzi wazi dakika kadhaa akiiwinda Njia Nyeupe, kisha akakuta anga limejaa vidoti vyekundu, vya kijani na vya buluu, kinachofuata ni matusi. Na tuzitetee basi, maana kosa lao ni moja tu: zinasema kweli pale ambapo picha ingependa kudanganya. Mshtaki huanza kwa kudai kwamba ni uchafu usio na adabu. Wapi! Zile zitokanazo na joto hukitii kipimajoto: elektroni zinazochomoka zenyewe ndani ya kihisi cha kamera, bila mwanga wowote, huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 6 hivi. Pikseli korofi hung'aa palepale katika kila picha, ndiyo maana kamera ikipiga picha ya pili ya muda uleule pazia lake likiwa limefungwa, kisha ikaitoa katika ile ya kwanza, wakorofi wengi hutoweka. Ni mhalifu gani mwingine anayeacha jina na anwani yake? Hata chenga zisizo na makao zina sheria: wastani wa picha 4 huzipunguza kwa nusu, wa picha 16 huzibakiza robo.

Mwingine atauliza: kama zina heshima hiyo, mbona wanaastronomia hupoza kamera zao? Kwa sababu baridi hutibu joto, basi. Lakini chenga nyingine hazitokani na joto: mwanga wenyewe hufika fotoni mojamoja bila ratiba, kama rasharasha juu ya bati. Pikseli inayotarajiwa kupokea fotoni 100 hupotoka kwa 10 hivi. Inayotarajiwa kupokea 10,000 hupotoka kwa 100, yaani asilimia 1 badala ya 10. Kamera isiyo na dosari hata moja ingeonyesha chenga hizo vilevile. Anayezichukia hana ugomvi na kamera, ana ugomvi na nuru. Dawa yake ni subira, kwa kuwa nuru hafifu hujilimbikiza haraka kuliko chenga. Desemba 1995 darubini ya Hubble ilikodolea macho kipande kidogo cha anga kwa siku 10, ikapiga picha 342. Zilipounganishwa zilifichua galaksi zipatazo 3,000.

Tena kuna fadhila isiyotajwa. Kamera huhesabu mwanga kwa hatua kamili. Nuru isiyofika nusu ya hatua ingeandikwa sifuri katika kila picha, na sifuri elfu moja zikijumlishwa hubaki sifuri. Chenga huitikisa nuru hiyo: mara ivuke hatua, mara isivuke, na kwa kuwa huvuka mara nyingi kidogo kuliko giza lililo jirani yake, wastani wa picha nyingi huiumbua. Kamera iliyo kimya kabisa ingekuwa kipofu kwa vitu vilivyo hafifu kabisa.

Watabaki wenye programu ya kufuta chenga kwa mbofyo mmoja, wakituonyesha anga laini lisilo na doa. Hoja yao ina uzito kwa macho, si kwa ushahidi. Nyota ndogo na chenga zote ni kidoti, na programu iliyotumwa kwa pupa haichunguzi nasaba: nyota kubwa za Kilimia zitaachwa, vijinyota vinavyozizunguka vitafagiliwa pamoja na mtuhumiwa. Basi chenga zipunguzwe kwa baridi, kwa picha za giza na kwa wastani, njia ambazo zenyewe zimetufundisha. Lakini akitokea mtu na anga la usiku lisilo na chenga hata moja, asipongezwe kabla hajaulizwa amefuta nini kingine.