Utukufu wa Kucheleweshewa Pensheni

Miongoni mwa mambo ambayo binadamu huyalaani bila kuyachunguza, ucheleweshaji wa uhamisho wa pensheni nchini Uingereza unastahili kutajwa mapema, kwa kuwa ni nadra kumpata mtumishi aliyewahudumia watu wengi kwa subira kiasi hicho akaambulia matusi. Uhamisho huo hutokea pale mwanachama wa skimu ya pensheni ya kazini, yaani mfuko unaochangiwa na mwajiri na mfanyakazi kwa ajili ya uzeeni, anapoomba haki zake zipelekwe katika skimu nyingine. Sababu zimezidi kuwa nyingi tangu 2012, sheria ilipoanza kuwataka waajiri wawaandikishe wafanyakazi wao bila kusubiri waombe, kwani kila kazi mpya huweza kuzaa kifuko kipya. Mtunza wazee aliyetoka Tanga au Mombasa, ambaye amewahi kuajiriwa katika nyumba tatu za wazee mjini Leicester, huenda ana vifuko vitatu vyenye anwani tatu, na siku anapotaka kuviunganisha ndipo anapokabidhiwa kwa mlezi huyu asiye na papara.

Anayesifiwa hutajiwa kwanza nasaba yake, na nasaba ya ucheleweshaji si ya kubahatisha. Robert Maxwell, mmiliki wa magazeti, alipofariki baharini karibu na visiwa vya Canary tarehe 5 Novemba 1991, iligundulika kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yamechotwa katika mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wake; na lazima ikubalike kwamba fedha hizo zilihama kwa wepesi wa kupendeza, bila fomu wala foleni. Kutokana na fedheha hiyo ilitungwa Sheria ya Pensheni ya 1995, iliyowabana wadhamini, yaani watu waliokabidhiwa mali ya mfuko waisimamie kwa faida ya wanachama. Kisha, mwaka 2017, wanachama wa skimu ya pensheni ya British Steel, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa chuma wa Port Talbot na maeneo ya jirani, walitakiwa kuamua hatima ya pensheni zao kwa muda mfupi, na wapatao 8,000 wakahama. Mamlaka ya kusimamia huduma za fedha ilipochunguza baadaye ilikuta kwamba karibu nusu ya ushauri waliopewa haukuwafaa. Mbele ya ushahidi huo, nani atathubutu kuitetea haraka?

Mrithi wa nasaba hiyo ni kanuni zilizoanza kutumika tarehe 30 Novemba 2021, ambazo huwaagiza wadhamini watafute dalili za utapeli kabla ya kuachia fedha. Dalili zimegawanywa katika bendera za rangi mbili: nyekundu, kwa mfano mwanachama anapoahidiwa zawadi ili ahame, humwondolea haki ya kisheria ya kuhama, ilhali ya njano humlazimu kwanza kuzungumza na mshauri wa MoneyHelper, huduma ya bure iliyoanzishwa na serikali. Ustadi wa kanuni hizi unaonekana hasa katika bendera ya njano inayohusu uwekezaji wa nje ya nchi, kwa kuwa karibu kila mfuko wa kawaida hununua hisa za Marekani na Japani, na kwa hiyo msomaji makini wa maandishi ya kanuni anaweza kuipandisha dhidi ya skimu yenye heshima kuliko zote.

Hata hivyo, sifa kuu ya ucheleweshaji imo katika namna unavyoisoma Sheria ya Skimu za Pensheni ya 1993. Sheria hiyo huwapa wadhamini miezi sita kukamilisha uhamisho, ikikusudia kuweka ukomo, lakini zipo ofisi zilizouchukulia ukomo huo kama mpangaji aliyeambiwa alipe kodi kabla ya tarehe 30, akaona ni utovu wa adabu kulipa tarehe 2. Muda huo hutumika vizuri. Fomu hurudishwa kwa sababu jina la kati limekosekana. Nakala ya pasipoti hudaiwa upya kwa kuwa ya kwanza imezeeka ikisubiri kusomwa. Na hundi, pale ambapo bado inatumika, hutembea kwa posta ilhali hisa zimekwisha kuuzwa na fedha zake hazizai kitu.

Ni katika skimu za mafao yaliyoainishwa, ambazo humwahidi mstaafu kiasi maalumu cha kila mwaka bila kujali hali ya soko, ambapo ucheleweshaji hufikia kiwango cha sanaa. Mwanachama hupewa thamani ya uhamisho, yaani bei ya kubadilisha ahadi hiyo kuwa fedha taslimu, na bei hiyo hudumu miezi mitatu tu. Ikiwa inazidi pauni 30,000, hana budi kupata ushauri wa mtaalamu aliyeidhinishwa. Mtaalamu naye hawezi kushauri bila maelezo ya skimu, na skimu inayoombwa maelezo ni ileile inayohesabu siku za ofa. Ofa ikiisha, makadirio ya pili ndani ya miezi kumi na miwili huweza kutozwa ada. Waswahili walionya kuwa chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Hapa mwana hubaki wako, ila amekonda. Mwaka 2022, riba ya hati fungani za serikali ilipopanda na thamani za uhamisho zikaporomoka, kwa kuwa viwili hivyo huenda kinyume, waliopitwa na ofa zao walifundishwa somo hilo la uchumi bila kuliomba.

Wakosoaji husema kwamba tapeli hufika akiwa na makaratasi kamili, na kwamba kuikagua skimu inayopokea ni kazi ya muda mfupi, ilhali mifumo ya kielektroniki inayounganisha kampuni kubwa huhamisha fedha kwa siku, si kwa miezi. Hoja hiyo ni sahihi, na ndiyo sababu watetezi wa ucheleweshaji hawapendi kuijadili: tahadhari iliyonunuliwa kwa machozi ya Port Talbot imegeuzwa kivuli cha kuficha barua ambazo hazijafunguliwa.

Anayetaka kumkosea heshima mlezi huyu na aombe uhamisho kwa maandishi yenye tarehe, aulize ni bendera ipi imepandishwa na kwa ushahidi gani, kisha alalamike rasmi kwa skimu yenyewe. Asiporidhika, yupo Ombudsman wa Pensheni, mwamuzi wa migogoro hiyo, ambaye anaweza kuwaamuru wadhamini wafidie hasara. Huduma yake ni ya bure, ingawa nayo ina foleni.