Shikamoo, Bibi Msumeno

Usambara haijawahi kukosa wa kuisifu. Mgeni akishamaliza kona za Soni na kufika Lushoto, atasifu baridi, atasifu mwamba wa Irente na nyika ya Mazinde inayoonekana kule chini, atasifu vinyonga wenye pembe na ndege wa msitu wa Magamba. Akiwa msomi ataongeza hadithi ya lile ua la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliwapelekea watu wa kwao, likapewa jina lake mwaka 1893 na kuishia kwenye madirisha ya dunia nzima. Sijasikia mtu aliyesimama Lukozi siku ya gulio, katikati ya magunia ya lumbesa, akamsifu mdudu anayekula kabichi. Acha leo nilipe deni hilo.

Jina lake kamili ni Athalia sjostedti, nyigu-msumeno wa kabichi, mkazi wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nusu ya pili ya jina ni kumbukumbu ya Yngve Sjöstedt, Msweden aliyeongoza msafara wa kukusanya wanyama na wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Shambani hakuna anayemwita hivyo. Huitwa mdudu, au kiwavi, na asubuhi ile mkulima anapokuta kitalu cha miche kimebaki njiti tupu, huitwa majina ambayo mhariri hatayapitisha.

Tuanze na umbo, maana sifa bila umbo ni salamu tu. Nyigu huyu akishakomaa hafikii hata sentimita moja. Mwili una rangi ya chungwa lililoiva, kichwa cheusi, mabawa ya rangi ya moshi. Kiuno hana. Nyuki, siafu na nyigu wale wakorofi wa kwenye paa wote wamejifinya katikati mpaka unashangaa chakula kinapitia wapi. Bibi yetu mwili wake umeshuka kutoka kifuani hadi tumboni bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwiba pia hana. Mtoto anaweza kumshika kiganjani asidhurike. Badala ya mwiba, jike amebeba chini ya tumbo vijembe viwili vyembamba vyenye meno, vinavyoteleza kimoja kando ya kingine, mbele nyuma, mbele nyuma. Kwa chombo hicho hupasua ukingo wa jani la kabichi, akafungua mfuko mdogo kati ya ngozi ya juu na ya chini, akaweka yai moja ndani, akasogea. Hakuna vumbi la mbao wala kelele. Mafundi wetu wa kupasua mbao kule Shume wangeweza kujifunza usafi wa kazi hapa.

Na uzazi wenyewe haumsumbui kichwa. Jike wa ukoo huu asipopata mume hutaga vilevile, na mayai hayo yasiyorutubishwa hutoa madume matupu. Mahari, kamati ya harusi, michango ya sare, vyote amevikwepa. Akiolewa, atapata na mabinti.

Kuhusu nasaba, hapa ndipo natamani wazee wa Wakilindi, ukoo uliotawala milima hii, wangekuwepo kusikiliza, maana wao walijua thamani ya kuhesabu mababu. Nyigu-misumeno ndio wakongwe kuliko wote katika oda ya Himenoptera. Mabaki yao yaliyogeuka mawe yanarudi nyuma zaidi ya miaka milioni 200, enzi za Triasiki, kabla dunia haijaona ua la kabichi wala la kitu kingine tunachokijua leo. Kutoka ndani ya ukoo huo ndipo walipotoka wenye viuno: nyuki anayeimbiwa mashairi, sisimizi anayetolewa mfano misikitini na makanisani, na nyigu vimelea wanaotaga ndani ya wadudu wengine. Wote hao ni wajukuu. Bibi ndiye anayepigwa dawa.

Wanasayansi nao walimtendea vibaya. Kwa muda mrefu waliwaweka wasio na viuno katika kundi moja waliloliita Simfita, wenye viuno wakapewa kundi lao. Baadaye wakagundua kosa ambalo Msambaa yeyote angeliona mapema: huwezi kuuita ukoo mzima ikiwa umewatoa nje baadhi ya watoto waliozaliwa humohumo. Simfita si tawi, ni wale waliobaki nyumbani wengine walipohama. Siku hizi jina hilo hutumika kwa mazoea. Lakini subira yake imeanza kulipa. Athalia, waliohesabiwa miaka yote kama wapangaji katika familia kubwa ya Tenthredinidi, miaka ya karibuni baadhi ya wataalamu wamependekeza wapewe familia yao wenyewe, Athaliidi. Na lile ua letu maarufu? Mwaka 2015 wataalamu wa mimea walilivua jina la Saintpaulia na kuliingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Ua limepoteza nyumba, mdudu amejengewa. Msifuni basi ua.

Sasa geuza jani. Fanya hivyo asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, kwenye miche michanga, maana watoto wa bibi hupenda vilivyo laini. Utamwona mmoja ameegemea ukingo wa jani, mwili mweusi wenye mng'ao wa mafuta au kijani kilichokolea, ngozi ya mikunjo, urefu kama sentimita mbili akishashiba. Kila mtu husema kiwavi. Mhesabu miguu kwanza. Kiwavi wa nondo au kipepeo ana jozi tatu za miguu ya kweli kifuani, na nyuma yake jozi zisizozidi tano za miguu ya nyama. Huyu ana jozi tatu za mbele na nane za nyuma, jumla miguu 22, na kila upande wa kichwa ana jicho moja tu, jeusi, la kushangaa. Mguse: atajikunja duara na kudondoka chini, akajifanya amekufa. Mbane kidogo: ngozi itapasuka kirahisi na kutoa tone la damu. Usidhani ni udhaifu. Kwa ndugu yake wa Ulaya, Athalia rosae, imechunguzwa ikaonekana damu hiyo imehifadhi zile kemikali kali zinazoipa haradali ukali wake. Sisimizi akiionja hurudi nyuma. Anakula sumu ya kabichi na kuivaa.

Miguu hiyo 22 si jambo la kuchekesha, ni suala la fedha. Jirani yangu mmoja wa bonde la Malindi, mtu mwangalifu, alisikia kwamba ipo dawa salama isiyoua nyuki, ile ya bakteria inayoitwa Bt. Akainunua kwenye duka la pembejeo, akajaza bomba la mgongoni, akapiga kitalu chote. Wadudu wakaendelea kula kama hawajaambiwa kitu. Akarudia. Dawa haikuwa feki. Bt inayouzwa kwa ajili ya viwavi huua watoto wa nondo na vipepeo. Kwa mtoto wa nyigu-msumeno ni kitoweo. Muuzaji hakuuliza miguu, mnunuzi hakuhesabu, na bibi akawa amewapa wote wawili somo la uainishaji kwa bei ya chupa mbili.

Mtoto wa bibi akishiba hushuka ardhini, akajifumia hariri iliyochanganyika na chembe za udongo, na humo ndani hugeuka. Ndiyo sababu anayelima upya kitalu mapema huwafukua kwa jembe na kuwakabidhi kuku. Katika nchi yetu ambayo mtu huhitaji kibali hata cha kujenga choo, mdudu anajenga nyumba ya udongo na hariri, anaondoka, na hadai hata hati.

Watamshtaki kwa uvamizi. Lakini nani alimvamia nani? Kabichi asili yake ni pwani za Ulaya. Ilipanda milima hii pamoja na wamisionari na walowezi, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, na leo ikiwa ndani ya fuso inateremka Mombo usiku kwenda Dar es Salaam haina hata lafudhi ya ugeni. Athalia ni wa hapa. Ukoo wa nyigu-misumeno wote, spishi zipatazo 8,000, hupenda zaidi nchi za baridi za kaskazini. Katika Afrika wengi wao wameshikilia milima. Athalia wameenea Ulaya, Asia na Afrika, na Amerika hawakuwako. Kwa hiyo bibi alikuwa amekaa zake kwenye mimea ya porini jamii ya figiri, baridi ikimfaa, siku moja akaletewa mlangoni shamba zima la majani manene yasiyo na nywele. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Anachokula ni ushuru wa kiwanja.

Tena ushuru wake ni wa heshima ukilinganisha na wengine. Anayemaliza kabichi kweli ni nondo wa kabichi, Plutella xylostella, msafiri wa dunia nzima aliyezoea dawa nyingi kiasi kwamba mwaka 2002 wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, waliona afadhali kuachia nyigu mdogo, Diadegma semiclausum, katika milima ya Taita, ng'ambo tu ya mpaka. Nyigu huyo ana kiuno. Ni mjukuu, na mshahara wa sifa amepewa yeye. Ndugu mwingine wa bibi, Sirex noctilio, anayetoboa misonobari, alionekana Afrika Kusini mwaka 1994. Wenye misonobari ya Shume wamwombee bibi wa kabichi maisha marefu, maana yeye mti haugusi.

Hata Uingereza walishindwa na yule ndugu yake, Athalia rosae. Mwaka 1783 William Marshall aliandika katika jarida la Royal Society ya London jinsi viwavi weusi walivyokuwa wakiteketeza tanipu za Norfolk, wakulima wa huko wakiwa na vyeo na farasi. Dawa mojawapo iliyowafaa wakulima wa nchi ile ilikuwa kuswaga bata shambani.

Nikiulizwa ameitendea nini Usambara, nitajibu kwa historia ya Usambara yenyewe. Kitabu cha Habari za Wakilindi kinasimulia kwamba Mbegha alikuja milimani kama mwindaji tu. Kilichompa kiti ni nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao ya watu: aliwaua, akagawa nyama, wakamtawaza. Bila nguruwe hakuna mji wa Vuga, hakuna mfalme Kimweri. Waharibifu wa mazao ndio wapiga kura wa kwanza wa milima hii. Nyigu-msumeno naye ametawaza, ila nasaba yake ya wafalme ni tofauti kidogo: muuzaji wa pembejeo, mwenye kukodisha mabomba, na yule kijana anayepiga dawa kila Jumatatu bila kugeuza jani, kwa sababu Jumatatu imefika.

Ombi langu ni dogo. Nane Nane ijayo kule Morogoro, mkoa wa Tanga ukipanga mabanda yake, kabichi kubwa ikishawekwa mbele pamoja na karoti na hoho, bibi naye apewe meza, jani moja bichi na lenzi ya kukuzia. Wageni rasmi waombwe kuhesabu miguu kabla ya kuhutubia. Banda la kuku lihamishiwe upande wa pili wa uwanja.